Namba Iliyolala Mkumbi

Nawaandikia nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya kabati la vyombo, na kila baada ya mistari michache naenda mlangoni, natazama barabara, narudi. Msidhani ni uzee. Hata nilipokuwa na umri wenu sikuweza kukaa. Marehemu mama alikuwa akisema nimezaliwa na siafu miguuni. Kwa hiyo mkiona habari zinaruka huku na huko, nivumilieni.

Juzi mmoja wenu, fundi mpya wa redio, alinipigia simu. Akaniamkia vizuri, akauliza hali ya magoti, kisha akafika kwenye shida yake. Wanataka kuanzisha huduma ya maandishi kwenye masafa yao, fomu ya kuomba namba ya utambulisho ni ndefu, na majibu yanachelewa. "Bibi, si tuchague tu namba yoyote isiyo na mtu, halafu usajili ufuate?" Nilimkaripia mpaka salio lake likaisha. Baadaye niliona haya. Swali hilo hilo niliwahi kujiuliza mimi, nikajijibu vibaya, na aliyeumia ni mwanamke wa ziwani aitwaye Edita. Yeye ndiye anayenifanya niandike.

Wengine mnasoma haya bila kujua namba ninazozisema, basi sikilizeni. Wimbi la redio hubeba sauti, hilo mnalijua. Lakini pembeni mwa sauti kuna nafasi nyembamba, na katika nafasi hiyo unaweza kupitisha maandishi. Msikilizaji wa kawaida hasikii kitu. Kisanduku maalumu chenye kioo kidogo ndicho kinachoyaokota na kuyaonyesha. Sasa kisanduku kitajuaje kwamba maandishi haya ni yake na si ya jirani? Kwa namba. Inakuwa na nafasi nne, imechanganywa tarakimu na herufi, na inatolewa na ofisi moja ng'ambo ambayo kazi yake ni kuhakikisha hakuna huduma mbili duniani zinazotumia namba moja. Unajaza fomu, unaeleza huduma yako ni ya nini, inafanya kazi vipi, na nani anahusika nayo. Wakikupa namba, ni yako.

Kwenye redio yetu ya Mbinga, mjazaji wa fomu hizo nilikuwa mimi. Nilianza kama karani wa matangazo, yule anayekaa dirishani akipokea salamu na habari za misiba. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kufungua redio, na kila mwenye kiwanja kilimani akaanza kuota mnara. Wa kwetu aliota Mzee Gaudensi, mwalimu mstaafu aliyeingia kwenye biashara ya kahawa. Alikuwa mwema, mwenye sauti kubwa, na asiyependa kuambiwa ngoja.

Nilipomweleza habari ya namba alifurahi mno. Alidhani ni kama namba ya gari, unachagua.

"Iwe na G mwanzoni," alisema. "G ya Gaudensi."

"Mzee, herufi zake zinaanzia A, zinaishia F."

"Nani kaamua?"

"Ndivyo ilivyo duniani kote, Mzee."

"Basi dunia imekosea kwa herufi moja tu," akasema, akaondoka akiwa amekasirika kweli kweli. Wiki nzima hakunisemesha isipokuwa kwa mambo ya kazi.

Aliyenifundisha mitambo alikuwa Fundi Shabani. Mtu wa Pangani, alikuja Mbinga na duka la vipuri vya redio karibu na stendi, akaoa, akabaki. Mwezi wa sita baridi ya kwetu ilikuwa ikimtesa, anavaa makoti mawili na kandambili. Hakuwahi kununua viatu vya kufunika. Alikuwa akitushangaa sisi Wamatengo tunaolima kahawa mlima mzima kisha tunakunywa chai. Yeye alichemsha kahawa yake nyeusi na tangawizi humo humo kwenye chumba cha mtambo, na aliyekataa kikombe alikuwa hafundishwi kitu siku hiyo.

Mengi ya kwake bado nayatumia. Alisema usipime mtambo ukiwa chini ya mnara, maana hapo kila redio ni nzuri. Nenda ukakae pale anapokaa mtu wako, kwenye kigoda chake, saa anayosikiliza yeye, kisha upime. Na kabla hatujawasha namba yoyote, alilazimisha jambo aliloliita kupiga hodi. Unakipanga kisanduku kwenye namba unayotaka kutumia, unakipeleka mahali pa mbali kabisa, unakiacha wiki mbili kikiwa kimewashwa. Kikiandika kitu, namba ina mwenyewe, usiiguse. Kikikaa kimya, basi walau hakuna mtu nyumbani.

Niliwahi kumuuliza, kama hodi inatosha, ofisi ya ng'ambo ya nini? Alikuwa akifunga waya, hakuinua kichwa. "Hodi ni ya jirani aliyepo leo, Skola. Usajili ni wa jirani ambaye hajahamia bado." Nikacheka. Niliona ni maneno mazuri tu ya mtu wa pwani.

Huduma yetu ilikuwa ya meli. Barabara za kushuka ziwani mnazijua zilivyo sasa; zamani zilikuwa mbaya zaidi, masika zinafungwa kabisa. Watu wa mwambao walitegemea meli, na meli haikuwa na adabu. Ingetangazwa Jumatano, ije Ijumaa, au ije Jumanne ipite. Watu walishuka na magunia, wagonjwa na watoto, wakalala bandarini siku nne. Sauti ya redio yetu ilifika kule kwa kukatikakatika, na tangazo likipita limepita. Maandishi yangekaa kwenye kioo siku nzima, kila mtu asome kwa wakati wake. Tulinunua visanduku vichache. Vingine vilienda bandarini, vingine kwenye zahanati za vijiji ambavyo meli haisimami, ili watu wajue siku ya kuondoka na mtumbwi kwenda kuiwahi. Kimoja tulikipeleka hadi Liparamba, sikumbuki kwa nini, nadhani Mzee Gaudensi alikuwa na shemeji huko.

Watu wa ziwani walikipa kisanduku jina: Bubu, kwa sababu kinasema bila sauti. "Bubu anasemaje leo?" Likawa jina la kazi, hata sisi tukalitumia.

Sasa nifike pale ninapopazunguka.

Fomu niliituma. Hilo nilifanya, na nililifanya vizuri. Lakini redio yetu haikuwa na sanduku la barua. Pale Mbinga tulikuwa tunaazimana. Mwalimu anatumia la parokia, mwenye duka anatumia la shemeji yake wa benki. Sisi tuliazima la chama cha wakulima wa kahawa cha Mkumbi, kwa sababu Mzee Gaudensi alijuana nao. Karani wao alikuwa akija mjini siku ya soko, anachukua barua zote, zake anaenda nazo Mkumbi, zetu anatuachia dirishani. Nilingoja mwezi. Nikangoja wa pili. Karani anapita, ananipa barua za salamu, hamna ya ng'ambo.

Katikati ya kungoja huko, Fundi Shabani alifiwa na dada yake akaenda Pangani. Na Mzee Gaudensi akaalika wakubwa wa wilaya kuja kuzindua Bubu. Tarehe imeshatoka, ng'ombe ameshanunuliwa.

"Namba imekuja?" aliniuliza asubuhi moja tukiwa uani.

"Imekuja, Mzee," nikasema.

Haikuwa imekuja. Nilisema hivyo nikiwa natembea, sikusimama hata. Uongo wangu mwingi maishani nimeusema nikiwa natembea. Niliwaza kwamba itakuja tu wiki hii au ijayo, nitaibadilisha kimyakimya, nani atajua? Kitabu kilichokuja na mtambo kilikuwa na namba ya mfano, ya kuwafundishia watu namna ya kuingiza. Nikaichukua hiyo. Hodi nilipiga, Mungu ni shahidi, wiki mbili kamili, kisanduku hakikuandika kitu. Nikaona nimefanya sehemu kubwa ya kazi. Fundi aliporudi toka msibani aliniuliza vile vile kama namba imetoka, nami nikamjibu vile vile. Akasema alhamdulillahi, akachemsha kahawa.

Uzinduzi ulikuwa mzuri. Mzee Gaudensi alihutubia mpaka nyama ikapoa.

Kosa la pili lilikuwa letu sote, na nalisema kwa sababu mtalirudia. Kioo cha Bubu kilikuwa kifupi, kwa hiyo tulifupisha maneno. Tuliandika JNE SAA 2 ASB, yaani Jumanne saa mbili asubuhi, basi. Neno meli hatukuliandika. Nani hajui ni meli? Mwambao mzima ulikuwa na meli moja.

Ikapita karibu mwaka. Barua haikuja nami nikaacha kuiulizia. Mnajua mtu anavyozoea. Jiwe kwenye kiatu linauma siku ya kwanza, siku ya kumi unatembea nalo sokoni.

Halafu Ijumaa moja, mwenzangu wa dirishani akiwa anaumwa, nilikaa mimi kupokea matangazo. Akaja kijana wa ziwani, mrefu, shati limekauka jasho. Jina lake Bosco. Alitaka kutangaza kwa ndugu zake kijijini. Nikachukua fomu ya tangazo, nikamwambia asome, nitaandika.

"Edita yu hai," alisema. "Mtoto hatunaye. Msije huku. Tunarudi Jumatatu."

Niliandika. Nikampa pole. Akaitikia, akawa haondoki. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha.

"Dada, samahani. Nyie ndio wenye Bubu?"

"Ndio sisi."

"Mbona alituambia Alhamisi?"

Akanisimulia. Mke wake, huyo Edita, alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alimzaa kwa upasuaji, kwa hiyo muuguzi wa zahanati alikuwa ameamuru safari hii asizalie kijijini, apande meli mapema aende akangojee hospitalini. Kila siku Bosco alikuwa akienda zahanati kusoma Bubu. Bubu alisema Alhamisi saa nne. Wakafika bandarini kwa mtumbwi Jumatano jioni, wakakuta meli imepita Jumanne. Uchungu ukamshika pale pale bandarini. Wanaume wakambeba kwa machela kupanda mlima hadi barabarani, wakapata lori la kahawa, likamfikisha hospitali ya huku juu. Wakampasua tena, mama akapona.

"Mama yangu anasema Edita ndiye aliyezembea," Bosco alisema. "Anasema alikawia kuondoka kwa sababu alikuwa anaanika dagaa wa usipa. Mimi najua hakukawia. Lakini nani atanisikiliza mimi? Mimi si mume tu?"

Nilimwambia tutaangalia. Alipoondoka nilifungua daftari la mtambo. Wiki ile tulituma JNE SAA 2 ASB. Neno Alhamisi halikuwahi kutoka kwetu.

Sikuweza kubaki ofisini. Nilitoka nikakodi baiskeli, nikapanda Mkumbi. Mnajua njia ile, kilima juu ya kilima, ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, zimechimbwa hadi ukingoni mwa barabara, na mimi nasukuma baiskeli nikilia kwa sauti, wakulima wamesimama na majembe wananiangalia. Nilimkuta katibu wa chama ofisini, mzee mpole, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Una nini?"

Nikamuuliza kama amewahi kuona barua yoyote ya ng'ambo. Akafikiri. Akainuka, akaenda kwenye rafu yenye mifuko midogo ya sampuli za kahawa, akatoa bahasha nyuma yake.

"Hii? Niliona stempu ya Ulaya, nikajua ni mnunuzi. Siku hizi si wanakuja wenyewe kununua? Nikaiweka na sampuli nikimngojea afike."

"Hukuifungua?"

"Barua ya mtu nitaifunguaje?"

Jina la redio yetu lilikuwa juu ya bahasha, kwa herufi ndogo chini ya jina la chama. Nikaichana. Namba ilikuwa ndani. Tarehe ya juu ilionyesha walijibu mapema sana, kabla hata ya uzinduzi. Karibu mwaka mzima tulikuwa na namba yetu, halali, peke yetu duniani, imelala Mkumbi inanuka kahawa mbichi. Ningepanda baiskeli siku moja tu, nikauliza. Swali moja. Sikumlaumu yule mzee hata kidogo, na mpaka leo simlaumu.

Barua niliitia kwenye mkoba. Sikumwonyesha mtu.

Fundi Shabani nilimweleza habari za Bosco tu. Akasema Jumatatu tutashuka na gari la redio, na kwa kuwa wale wanarudi Jumatatu, tuwapitie hospitalini twende nao. Siku hiyo Edita alikaa mbele, kati ya mumewe na Fundi. Mimi nilikaa nyuma na betri. Kupitia kioo cha nyuma nilikuwa naona kitambaa chake cha kichwani, cha kijani, kikiyumba kwenye kila kona. Hakugeuka hata mara moja. Tuliposimama kupoza injini nilimpelekea ndizi. Akapokea kwa mikono miwili, akasema asante dada. Nilitaka kumwambia pale pale. Mdomo ulifunguka, nikamuuliza kama amechoka.

Wale wawili tuliwaacha bandarini kwenye mtumbwi wao, wakatangulia. Sisi tulifika zahanati ya kijijini kwao kesho yake asubuhi. Muuguzi alikuwa Sista Oresta, mtu wa Singida, alipangiwa huku akiwa msichana na hakuwahi kuomba uhamisho. Bubu alikuwa juu ya meza yake, amefunikwa kitambaa cha kufuma. Fundi akakifunua. Kilikuwa kimeandika ALH SAA 4 ASB.

"Leo tumetuma nini?" Fundi aliniuliza.

"Hatujatuma kitu. Nimezima jana kabla ya kuondoka."

Tukakaa tukikiangalia. Huduma yetu ilikuwa imezimwa, na Bubu alikuwa anaendelea kusema.

Fundi alikipeleka nje, akakizungusha, akarefusha antena, akatega redio yake ya mkononi pembeni. Haikumchukua muda. Redio moja ya mbali, upande wa kaskazini, ilikuwa imesimamisha mnara mpya mlimani, na mawimbi yake yalikuja juu ya maji bila kizuizi. Zahanati ile imejificha nyuma ya kilima, sisi tulisikika kwa shida. Wale walisikika vizuri. Nao walikuwa na huduma ya maandishi, ya kuwatangazia wakulima siku ya lori la kukusanya mazao. Walinunua visanduku vya aina yetu, vyenye kitabu kama chetu, wakachukua namba ile ile ya mfano. Nao hawakuandika neno lori. Kisanduku cha bei nafuu hakijali ni redio ipi. Kinatafuta namba yake, kikiipata kinatulia hapo. Edita alikuwa ameenda kupanda lori la watu wengine, la nchi kavu, lililo mbali naye kwa safari ya siku nyingi.

"Namba yetu walisajili lini, Skola?" Fundi aliuliza. Alikuwa amechuchumaa, bado anatazama antena.

Nikafungua mkoba nikampa barua. Aliisoma yote. Akaangalia ile namba iliyomo, kisha akageuza kisanduku chini juu akasoma namba niliyoibandika mimi kwa mkono wangu. Nilitamani apige kelele. Alikaa chini mchangani, na makoti yake, akafunga macho.

"Nilirudi toka kumzika dada yangu," alisema, "nikakuuliza."

"Ndiyo, Fundi."

"Na ulinijibu."

Nasikia aibu ile hata sasa, na hapa nimeshaenda mlangoni mara tatu.

"Kamwambie Sista," akasema. "Mimi siji nawe."

Ngojeni nimalize la kazi kwanza, maana nikishaingia zahanati sitatoka tena. Namba halali tuliiingiza kwenye kisanduku kimoja baada ya kingine, na vyote nilivifuata mimi, cha Liparamba kwa baiskeli. Fundi aliandika barua ya kiungwana kwa ile redio ya kaskazini kuwaambia wajaze fomu, wakajaza. Tangu hapo hakuna ujumbe uliotoka kwenye mtambo wetu bila neno MELI na jina la bandari, hata kama kioo kilibidi kuzungusha maneno mara mbili. Andikeni jina la kitu, hata kama kijiji kizima kinakijua. Sanduku la barua tulilipia la kwetu. Mzee Gaudensi nilimwambia mwenyewe, nikanyang'anywa mitambo, nikarudishwa dirishani miezi mingi, na nilistahili. Fundi Shabani alinifundisha tena baadaye, ila kahawa hakunichemshia mpaka mwaka ulipogeuka. Sikulalamika.

Haya. Niliingia zahanati. Sista Oresta alikuwa na kitabu kikubwa cha wajawazito mbele yake, na kwenye benchi walikaa Edita, aliyekuja kuangaliwa mshono, na mama mkwe wake, mama mnene aliyejifunga kanga mbili, amegeuza uso ukutani. Nilidhani nitazungumza na Sista peke yake. Nikataka kurudi nje.

"Sema tu," Sista alisema. "Hapa hakuna siri."

Nikasema. Nilisimama katikati ya chumba nikisema, nikianza nyuma, nikirudi mbele, fomu, barua, Mkumbi, kitabu cha mfano. Sijui walielewa kiasi gani. Nilipoishiwa maneno, Sista aliinamia kitabu. Aliufuata mstari wa Edita kitabuni kwa kidole mpaka mwisho, kwenye safu ya maelezo. Ilikuwa tupu.

"Hapa sijajaza," alisema. "Kila mtoto akipotea hivi, tunaandika mama alichelewa. Wakubwa wakija wanasoma, wanatikisa kichwa, wanasema hawa akina mama wa ziwani hawasikii. Na huku kijijini wanasema hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nimeshaandika mara nyingi." Akanigeuzia kitabu, akanipa kalamu. "Jaza wewe."

Niliandika kwamba mama hakuchelewa, alifuata tangazo la redio, na namba ya tangazo haikuwa imesajiliwa.

Sista akasoma. "Nani hakuisajili?"

"Redio yetu."

"Redio haina mikono."

Nikaandika jina langu, Skolastika Mbunda, lote mpaka la ukoo. Nikaweka kalamu chini.

"Sasa soma," Edita alisema. Ilikuwa mara ya kwanza anazungumza tangu niingie. "Soma kwa sauti, dada."

Nikainua kitabu, nikasoma kuanzia mwanzo hadi jina langu. Nje Fundi alikuwa akigongagonga kitu. Mama mkwe alikuwa bado anatazama ukuta.

Edita akainuka taratibu, mkono tumboni, akaenda akakaa upande ule mama mkwe wake aliokuwa ameelekeza uso.

"Rudia pale mwanzo," akaniambia. "Mama hajasikia."

"Mama hakuchelewa," nikasoma.

"Tena."